Numero ya kesi ya Baba

Leo njo nimejua: sisi wenyewe tulifuta kesi ya Baba.

Kuko muntu anasema kiwanja chetu cha Alunguli ni chake. Lakini Baba alishinda kesi ya kiwanja hicho wakati wa vita.

Nikaenda tribinali kuomba kopi ya hukumu.
Karani: "Leta numero ya kesi."
Mimi: "Tafuta kwa jina, papa. Ramazani."
Akacheka. "Ramazani gani? Kindu iko Ramazani mingi!"

Nikamupigia Mama, yeye siku hizi anaishi Lubutu.
"Numero iko ku ukuta wa nyumba! Baba yako aliiandika na rangi nyeusi. Alisema tukikimbia, karatasi zitapotea. Ukuta haukimbii."

Nikavuka mto mbio mbio mpaka kwetu Alunguli.
Ukuta mweupe pe!
Kumbe kwa matanga ya Baba tulipaka nyumba chokaa, wageni wasione uchafu.
Nimekwangua na kisu. Udongo tu njo unaanguka.

Mama anapiga simu tena na tena. Sijapokea.

Kama uko na foto ya zamani ya nyumba yetu, nitumie, nakuomba.
Sisi tuko na moja tu, hii hapa: Baba amesimama mbele ya ukuta, anacheka, mugongo wake umefunika numero yote.