Juu Barafu, Chini Nyuzi Nne

Aliyetaka kuniua ni mwenye zahanati. Jina lake siandiki, lakini Babati wanamjua. Ndiye aliyekuwa akipanga soda na maziwa ya wageni wake ndani ya friji la maabara, na jioni akifunga ofisi anaamuru lizimwe ili kubana umeme. Dawa za kupimia homa ya matumbo zilikaa humo humo nyuma ya soda, zikipoa mchana na kuvunda usiku. Nilipimwa pale mara tatu. Mara zote tatu wakaniambia huna taifodi wewe, kameze za malaria. Wiki ya tatu utumbo ukatoboka, nikapasuliwa hospitali ya misheni, na hadi leo nikivua shati watu wanauliza kama nilipigwa panga. Mshitakiwa wa pili ni karani wake. Alikuwa akilizima lile friji kwa mkono wake, akanyamaza.

Kwa hiyo dada wa maabara aliponijia kibandani kwangu Maisaka, ninapotengeneza mafriji, nilimpokea vibaya. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, ofisi zinapakwa rangi, wageni wanagombania vyumba vya kupanga, na yeye alikuwa mmoja wa hao wageni, hana hata mwezi pale zahanati.

"Habari za kazi, fundi."

"Kazi ipo. Ila kamwambie mzee wako friji lake nalijua, siligusi."

"Sijaja kwa friji lake. Nataka la kwangu."

Akaniambia dawa mpya za kupimia zinakuja Alhamisi kwa basi kutoka Arusha. Mzee amekataa kununua friji jingine, anasema lililopo linatosha. "Nisipopata pa kuziweka nafunga maabara naondoka," akasema. "Simpimi mtu kwa dawa iliyooza halafu nikamwandikia jibu."

Hapo nikamvutia kigoda.

Masharti yake yalikuwa mawili. Ubaridi uwe kati ya nyuzi mbili na nane, na dawa zisigande hata mara moja, kwa sababu zikiganda zimekufa. Sasa mimi ni darasa la saba. Friji nilijifunzia kwenye mabucha na mabaa, na huko fundi anayesifiwa ni yule ambaye bia yake inauma meno. Sijawahi kuona mteja analalamika kwamba kitu kimepoa mno.

Nikang'oa kompresa kwenye friji bovu la baa moja njia ya Bonga. Nikazungushia bomba la shaba kwenye mkebe wa bati, mkebe nikauweka ndani ya sanduku la mbao, na katikati nikashindilia pumba za mpunga kutoka Magugu ili joto lisipite. Asubuhi nikaweka kichupa cha maji. Mchana kilikuwa jiwe. Nilimwita kwa furaha zote.

Akakigonga kile kichupa mezani. "Fundi, umeua."

"Lakini si kimepoa?"

"Kimepoa kama maiti. Na umeme ukikatika?"

Enzi hizo ukikatika ni kutwa nzima. Nikawaza maji. Pipa la plastiki lijae maji, mkebe uzame ndani yake, maji yakishapoa yatakawia kupata joto. Bomba la baridi nikapanga kuliweka chini kabisa, kama moto unavyowekwa chini ya sufuria. Nani asiyejua hilo?

Mshitakiwa wa tatu ni muuza vyuma chakavu aliyeniuzia bomba refu la hilo pipa. Aliniapia kwamba bomba ni zima, kumbe alishakata mkia wake akamuuzia mwingine. Jumatano tulipolifunga pipa kule maabara, bomba likawa fupi, likaishia juu, chini ya mfuniko. Muda wa kutafuta jingine haukuwepo. Nikalikunja pale pale juu kama pete, nikawasha, nikaenda nyumbani nimenuna.

Mama lishe aliyekuwa akipika uani kwa zahanati aliniona natoka. "Fundi, hilo pipa la pombe?"

"La dawa."

"Basi mimi ni mgonjwa, nikinge kikombe."

Alhamisi asubuhi nikafungua mfuniko. Barafu imelizunguka bomba, nene kama mkono wangu. Nilitaka kulipiga teke. Yule dada akanisukuma pembeni, akafunga kipimajoto kwenye uzi, akakishusha ndani ya mkebe hadi chini kabisa. Tukasubiri.

"Nne," akasema.

"Kibovu hicho."

Akakichomeka kwenye barafu, kikasoma sifuri. Akakishusha tena. Nne. Akakivuta juu kidogo, tatu, akakirudisha chini, nne ile ile. Ghafla akaanza kucheka, akakaa juu ya sanduku langu la spana. "Hiki kitu nilikisoma kidato cha tatu, nikakijibia mtihani, nikakisahau."

Akanieleza kwamba maji yakipoa yanazidi kuwa mazito, lakini mwisho wake ni nyuzi nne. Yakipoa kupita hapo yanakuwa mepesi, yanapanda. Kumbe ubaridi unaoua dawa unabaki juu na ule unaozilinda unazama. Nikamwomba arudie. Nikamwomba arudie tena.

"Na ningeliweka bomba chini?"

"Ungegandishia chini, dawa zote zingekufa."

Yaani mwizi wa bomba ndiye aliyetuokoa. Sijamsamehe, lakini mwili ulinisisimka kuliko siku niliyoruhusiwa kutoka hospitali.

Dawa zikafika mchana ule, tukazishusha ndani ya mkebe, chini kabisa. Ijumaa alfajiri umeme ukakatika. Sikufungua kibanda. Kila saa tunashusha uzi, tunavuta, tunasoma. Nne. Nne. Mama lishe akawa anauliza kwa dirishani, "Bado nne?" kama mtu anayefuatilia mpira. Mzee mwenyewe akapita, akasimama mlangoni.

"Hilo dude linakula umeme kiasi gani?"

"Mzee, umeme hakuna tangu alfajiri," yule dada akamjibu, "na linafanya kazi."

Akaondoka. Umeme ulirudi jioni, kipimajoto kikisoma tano.

Jumamosi yule dada akajaribu dawa kwanza kwa kichupa cha majimaji ya damu ambacho jibu lake linajulikana. Tone likafanya chenga, kama maziwa yaliyokatika. Dawa ilikuwa hai. Halafu akaingia mama mmoja kutoka Singe, ana homa ya siku nane, ameshikwa mkono na mumewe. Akatolewa damu. Mimi nimekaa kwenye benchi la wagonjwa, sina ugonjwa, sina kazi, nakodolea macho kigae cheupe cha kupimia mpaka nikaona chenga.

"Mama, una homa ya matumbo. Dawa unaanza leo."

Yule mama akasikitika sana. Mimi nilitaka kumpa pongezi.

"Ndugu yangu," nikamwambia mumewe, "nyinyi mmeambiwa kweli siku ya kwanza ya kupimwa. Mnajua hiyo ni nini?"

Akaniangalia kama anaangalia mlevi, akamsogeza mkewe upande wa pili. Niliwatazama wakitoka na vidonge vyao, yule mama anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Nilimwonea wivu, na hadi leo namwonea.