Vyakula Vitatu vya Muzazi

Tulikuwa wanne ndani ya nyumba yangu ya mtaa wa Murara: mimi, binti yangu, aliyekuwa na siku mbili tu tangu azae, mama mukwe wake, aliyekimbia vita kwao Masisi na kibuyu cha maziwa kitupu mgongoni, na mama mukimbizi kutoka Rwanda, niliyemupatia chumba cha nyuma. Na mutoto mwenyewe, nisimusahau. Majina yao nayashika yote, lakini mimi si mutu wa kuyatembeza.

Matiti ya binti yangu yalikuwa makavu. Mutoto ananyonya, analia, ananyonya tena, mpaka akachoka hata kulia. Maduka yalifungwa kwa sababu ya masasi yaliyolia mujini, maziwa ya kopo hakuna.

Mimi mutu wa Butembo nikamupikia supu nzito ya maharage, ili maziwa yashuke. Mukimbizi akakoroga uji wa mtama. Mama mukwe akatembea kwa miguu mpaka mtaa wa Katindo, kwa mutu wa kwao, akarudi na kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe. Kuona supu yangu, akakifunika kwa mukono.

“Mama, kwetu maziwa hayafuati maharage. Ng'ombe atakauka.”

“Ng'ombe gani?” mukimbizi akamuuliza. “Si waasikari walishawakula wote?”

Nikaogopa. Nilifikiri atalia. Looo! Mama yule akacheka mpaka akakaa chini, kikombe amekiinua juu kisimwagike. “Kweli, mama. Basi wakaukie huko matumboni mwao!”

Binti yangu akanyoosha mukono. “Bamama, leteni vyote. Mutagombana nikimaliza.”

Akanywa supu, akanywa uji, akanywa maziwa. Kesho yake asubuhi nguo yake ililowana kifuani, na mutoto akanyonya mpaka akalala mudomo wazi. Tukapiga vigelegele. Halafu ugomvi ukaanza: ni chakula cha nani kilicholeta maziwa?

Haujaisha mpaka leo. Mukimbizi alirudi kwao, lakini bado anatuma unga wa mtama, anasema ni wa mujukuu wake. Na mujukuu mwenyewe, sasa mwanamuke muzima, akiulizwa ni mutu wa wapi, anaanzia Butembo, anapita Masisi, anavuka mpaka. Mwenye kuuliza anachoka mbele ya yeye kumaliza.

Kama ulikuwa jirani yetu, na unaona nimekosea, pengine uji ulitangulia supu, pita nyumbani unisahihishe. Lakini ukiniambia ni maziwa peke yake, nitajua umetumwa na mama mukwe.