Goti halidanganyi

Juzi nilifika Kasongo kwa pikipiki kutoka Kabambare, mgongo ukiuma, nikaketi barazani ambapo kikundi cha wamama watu wazima hukutana kucheza ngoma na kuwasema wakwe zao. Mama mmoja alikuwa anaomba kuingia, maana rafiki zake wote wamo.

"Wewe ungali mutoto," alisema mama prezida wa kikundi.

Yule mama akavua kitambaa, akainamisha kichwa. "Angalia mvi!"

"Iko tatu tu. Rudi kwanza nyumbani."

Akakaa kwa huzuni. Alipoinuka ili aondoke, akashika goti: "Yooo, mama!"

Wakapiga vigelegele. "Ingia, dada! Goti halidanganyi."

Sijaona mlango mwingine ambapo watu huongeza miaka ili waingie. Nami nikainuka polepole, nimekaza meno nisilie kwa mgongo, nisije nikaandikishwa.