Murielle, Mchanganyaji wa Hewa ya Wapiga Mbizi

Je, umewahi kujiuliza hewa anayovuta mpiga mbizi huko chini ya maji imechanganywa na nani?

Saa mbili asubuhi, kwenye karakana ndogo mtaani Bertrams, Joburg, Murielle Kabedi ananawa mikono hadi kwenye viwiko. Anasugua chini ya kucha kwa mswaki, anajifuta kwa kitambaa kikavu, ndipo anaposhika mtungi wa oksijeni.

"Mafuta na oksijeni iliyobanwa hawapatani," anasema. "Ukiwakutanisha, ni moto."

Hilo alilijua kwa aibu. Miaka sita iliyopita alikuwa akisuka nywele chumbani kwake mtaa wa Bellevue, na siku ya kwanza kazini aliingia viganja vikimng'aa mafuta ya nywele. Khatibu, mwalimu wa kupiga mbizi kutoka Tanga, alimzuia mlangoni.

"Mama, utatulipua! Rudi kanawe!"

Leo mama huyu wa miaka 54, mzaliwa wa Kalemie, ndiye anayejaza mitungi yote. Wenye mitungi huenda kuzama kwenye machimbo ya zamani yaliyojaa maji, nje ya jiji. Yeye hubaki akifagia. Anatamani naye azame, ila pale kazini hajamwambia mtu.

"Watacheka. Watasema bibi amechoka kulea wajukuu," ananong'ona, huku mwenyewe akicheka.

Anafungua vali taratibu. Oksijeni inaingia kwanza, mpaka geji, kipimo cha msukumo wa gesi, isome 28. Kisha hewa ya kawaida, mpaka 200.

"Tulipofika Joburg tulilala familia mbili chumba kimoja," anaeleza. "Kila familia na kelele yake, lakini jirani anasikia kelele moja kubwa. Geji ndiyo huyo jirani. Humu ndani kila gesi inasukuma kivyake, kama vile mwenzake hayumo. Hewa nayo ilikuja na oksijeni yake, kama thelathini na sita. Ukijumlisha, kwenye hiyo mia mbili, oksijeni inasukuma sitini na nne."

Na kwa nini ajisumbue hivyo?

"Oksijeni ikiongezwa kiasi, mtu hukaa chini muda mrefu zaidi. Lakini akishuka, misukumo yote inapanda. Oksijeni ikizidi mno inageuka sumu, anashikwa na degedege majini. Nani atamshika mkono kule?"

Anaupapasa mtungi. Bado una joto la kujazwa, kwa hiyo anaufunga, anauacha na kujimiminia chai. Gesi ya moto husukuma zaidi, na geji husema uongo. Ukipoa ndipo anaposoma tena na kuongeza kidogo palipopungua.

Mwenye mtungi, Tabia, anaingia akiharakisha. Desturi ya hapa ni kwamba atakayeivuta hewa ndiye anayeipima kwa mkono wake, hata kama mchanganyaji ni mama yake mzazi. Anaweka kipimo kwenye vali, anasubiri. Oksijeni ni thelathini na mbili kwa mia, kama ilivyopangwa.

"Sharp, mama! Kama kawaida yako."

"Nenda salama, mwanangu. Usipite kina ulichoambiwa."

Tabia anapotoka, Khatibu anaingia na simu mkononi, uso umekunjamana.

"Eish! Emery wa Sandton kajitoa. Darasa la wanaoanza ni kesho kwenye bwawa, na jingine mpaka baridi iishe. Ngoja nimpigie yule jamaa wa Yeoville aichukue nafasi."

Murielle anaweka kikombe chini. Anafunga vali ambayo tayari imefungwa.

"Papa Khatibu, usipige."

"Kwa nini? Unamjua mwingine?"

"Namjua. Kuogelea anajua tangu utoto, ziwani Kalemie."

"Basi mlete! Ni kijana wa nani?"

"Si kijana." Anavuta pumzi, anaiachia. "Ni mimi. Miaka yote hii nawajazia watu hewa wanashuka, mimi nabaki na ufagio. Nataka kuzama."

Khatibu anamtazama, kisha anairudisha simu mfukoni.

"Mama Murielle, si ungesema tangu zamani?"

"Nimesema sasa."