Baada ya Kuugua kwa Muda Mfupi

Nyumbani tulimwita Bi Ghafla, na mimi ndiye niliyempa jina hilo. Ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, na mtu akiwa na wifi asiyemtania basi wamegombana. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa nyuma ya dirisha la tanzia kwenye ofisi ya gazeti, ghorofa ya chini, pembeni mwa ngazi. Waliofiwa walikuja na picha ya marehemu, akawapa fomu, wakajaza, naye akaisoma mstari kwa mstari, kalamu nyekundu imekaa sikioni kama ya seremala. Alijua nani kafa kabla ya majirani wa marehemu. Akirudi kazini alitushibisha hadithi: fulani kaacha wajane wawili waliokutana kwa mara ya kwanza pale dirishani, fulani mwingine watoto wake wamegombania picha ipi itoke. Nilimwambia siku akikosa maiti wa kusimulia ataumwa yeye, akacheka mpaka akajifuta macho.

Tanzia ina lugha yake, na wifi aliijua kuliko aliyeitunga. Gazetini mtu hafi hivi hivi. Mzee hufariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Kijana hufariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Na kama kuna jambo ambalo ndugu hawataki litajwe, basi marehemu amefariki ghafla. Aliyejinyonga alifariki ghafla, aliyefia kwa hawara alifariki ghafla, na jina la wifi yangu likatoka hapo. Sikuona ubaya wowote. Watu walisitiriwa, wakamshukuru.

Alikuwa na desturi moja kazini. Fomu ikiwa na maneno ambayo yasingepita juu kwa mhariri, hakuyakata mbele ya wafiwa. Aliona ni ukatili mtu aliyelia siku nzima aone sentensi yake imepigwa mistari myekundu. Alichukua fomu mpya, akaiandika upya kwa mwandiko wake mzuri, akawasomea, wakatia sahihi. Ile ya kwanza akaichana vipande vidogo vidogo na kuitupa kikapuni. Alijivunia sana desturi hiyo. Alisema anawapunguzia uchungu.

Kisha zikaja siku tatu za vurugu. Asubuhi moja askari wa jiji walivunja vibanda vya wachuuzi kando ya barabara ya bondeni, na kufika adhuhuri matairi yalikuwa yanawaka. Sisi tunakaa upande wa pili, juu kidogo. Nilisimamisha cherehani yangu na kusikiliza risasi, nikaona kitambaa nilichokuwa nakishona nimekikunja kwenye ngumi.

Kesho yake gazeti la wifi lilitoka na picha ya moshi, na picha ya kijana aliyebeba godoro kutoka duka lililovunjwa. Maandishi makubwa yalisema wahuni wametikisa mji. Ndani, msemaji wa polisi alieleza kuwa watu wawili wamepoteza maisha kwa kupigwa mawe. Siku ya pili wakawa wale wale wawili. Siku ya tatu moshi ulihamia ukurasa wa tano, na mbele wakaweka mpira.

Wiki hiyo zilifika dirishani familia tisa, zote za bondeni. Marehemu mdogo kuliko wote alikuwa na miaka kumi na saba. Wifi alirudi nyumbani bila hadithi hata moja, akala, akaosha sahani yake, akaenda kulala.

Fomu ya kwanza aliipeleka juu kama ilivyoandikwa. Ilirudi kesho yake mchana, imekatwa, pembeni pameandikwa kuwa polisi hawajathibitisha. Akaiandika upya, lakini tangazo likatoka siku moja baada ya mazishi, na baba mdogo wa marehemu, aliyesafiri kutoka mbali, akakuta kaburi limeshafukiwa. Mzee yule alikuja hadi dirishani kuuliza kwa nini. Wifi akaapa kuwa wale wanane waliobaki hawatacheleweshwa na sentensi moja.

Miongoni mwao alikuwa mama wa fundi baiskeli. Mwanawe alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mama mwenyewe aliandika kwenye fomu, kwa herufi kubwa kubwa: "Aliuawa kwa risasi mlangoni pa kibanda chake, akiingiza ndani baiskeli za wateja." Wifi akamweleza kwa upole kuwa hivyo haitapita, na mazishi ni keshokutwa. Mama akauliza kama watu watajua siku na saa ya mazishi. Akaambiwa watajua. Akatia sahihi chini ya mwandiko wa wifi: "Amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi." Na ile fomu yake ikaenda kikapuni.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa maradhi hayakuwapo kabisa, na bado tuliumbuka.

Miezi minne baadaye iliundwa tume ya kuchunguza vurugu zile. Mama wa fundi baiskeli alikwenda kumsemea mwanawe. Wakili wa polisi akafungua jalada, akatoa vipande tisa vya gazeti vilivyokatwa kwa mkasi, vyote kutoka ukurasa wa tanzia, akamsomea. Familia yenyewe, akasema, ilitangaza kwa hiari yake na kwa sahihi yake kuwa marehemu aliugua. Majina tisa yakafutwa kwenye orodha ya waliouawa.

Siku ya pili yake mama yule alikuja dirishani. Hakupiga kelele. Aliweka kile kipande cha gazeti juu ya meza, akakinyoosha kwa kiganja.

"Dada, wameniuliza mwanangu alikuwa anaumwa nini," akasema. "Nikasema nije kwako. Alikuwa anaumwa nini?"

Wifi alitusimulia hayo akiwa amesimama mlangoni, mkoba bado begani. Alitaka kwenda mbele ya tume. Mume wangu akamsihi: imebaki miezi kumi astaafu, gazeti litamfukuza, na zile fomu za kwanza hazipo, sasa ataonyesha nini? Maneno ya ndugu mwenye mapenzi, sikatai. Lakini mimi nilikuwa na hasira na wote wawili, hata na mimi mwenyewe niliyecheka jina la Bi Ghafla miaka yote hiyo. Nikamwambia wifi kuwa aliyeandika ndiye anayejua kilichofutwa, na asipokwenda nitakwenda mimi nikaseme nisichokiona. Wifi akasema maji akishayavulia nguo sharti ayaoge, akaniomba nimpigie pasi gauni lake la kijivu.

Nilimsindikiza. Tume ilikaa kwenye ukumbi wa mikutano wenye feni tatu, mbili hazifanyi kazi. Waandishi walikuwa wamepangwa benchi la pembeni, na mmoja wao alikuwa wa gazeti lake, kijana ambaye wifi alimkirimu chai tangu siku aliyoajiriwa. Wifi akaapa, akasema mwandiko kwenye zile fomu tisa ni wake na maneno ni yake, si ya wafiwa.

Wakili akamwomba fomu za kwanza. Akajibu kuwa alizichana. Wakili akageukia watu, akauliza kama ni kawaida yake kuwaandikia watu uongo na kuwafanya watie sahihi. Wengine wakacheka. Wifi akajibu kuwa ndiyo, kwa miaka ishirini na miwili.

"Lakini nilichofuta nakijua," akasema. "Naomba nikisome."

Hakuwa na karatasi yoyote mkononi. Alifumba macho, akaanza na familia ya kwanza: jina la marehemu, umri, mtaa, kisha sentensi yao. Amepigwa risasi ya mgongo akirudi kuchota maji. Akaenda kwa wa pili: amepigwa risasi dirishani akimwita mdogo wake aingie ndani. Hakukosea umri wala mtaa. Alipofika kwa fundi baiskeli, mama yule, aliyekuwa safu ya nyuma, alisimama, akabaki amesimama mpaka wa tisa. Nililia pale ukumbini bila kujificha.

Mwenyekiti alipomaliza kunywa maji yake alimwagiza karani wa tume asiyaweke hayo kwenye kumbukumbu, maana hayana maandishi ya kuyathibitisha. Nikatazama benchi la waandishi. Yule wa gazeti letu alikuwa ameshafunga daftari, akiangalia viatu vyake.

Nilidhani hataandika. Heri asingeandika. Kesho yake, ukurasa wa tatu, maandishi makubwa: "Karani akiri kughushi tanzia." Chini yake picha ya wifi amefumba macho, kama mtu anayesinzia. Miaka ishirini na miwili ilitajwa, kuchana fomu kulitajwa, hata gauni la kijivu lilitajwa. Zile sentensi tisa hazikuwemo, hata moja. Kabla ya saa nne wifi alikuwa amerudishwa nyumbani na mkoba wake na kalamu yake nyekundu. Ripoti ya tume ilipotoka ilikuwa na waliokufa wawili.

Mwaka ulipotimia, mama wa fundi baiskeli alitaka kutoa tangazo la kumbukumbu. Akaja kumchukua wifi, nami nikafuatana nao. Dirishani alikuwa mwanamke ambaye wifi alimfundisha kazi mwenyewe, mama wa watoto wawili, mpole, mwandiko wake mzuri. Alipomwona wifi aliinuka kidogo kwenye kiti kwa heshima. Mama akajaza fomu, herufi zile zile kubwa: aliuawa kwa risasi mlangoni pa kibanda chake, akiingiza ndani baiskeli za wateja.

Yule mwanamke akasoma. Sauti yake ikashuka, ikawa laini kabisa, na nikaitambua ilikotoka.

"Mama yangu, hili halitapita juu. Tuandike tu kwamba alitutoka ghafla?"

Tayari alikuwa ameshachukua fomu mpya. Mama akatikisa kichwa. Basi, akasema yule mwanamke, hakuna tangazo. Akaishika ile fomu ya mama kwa vidole vya mikono miwili, pembe ya juu, tayari kuichana asimwonyeshe mistari.

Wifi alipitisha mkono dirishani, akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Likatae," akasema. "Piga mistari yote unayotaka. Andika sababu, weka tarehe, gonga mhuri. Lakini usichane."

Kisha yule mwanamke akachukua kalamu nyekundu, akapitisha mstari mmoja mwembamba juu ya sentensi, ikabaki inasomeka. Akaandika pembeni kuwa polisi hawajathibitisha. Akagonga mhuri, akatia sahihi yake, akaisukuma nje ya dirisha.

Katika mji huu hiyo ndiyo ilikuwa karatasi ya kwanza yenye mhuri iliyoandikwa kuwa kijana yule aliuawa kwa risasi. Tangu hapo wamekwenda mama wengine watatu, mmoja mmoja, na wifi amewasindikiza wote. Fomu zao zinakaa kwenye kopo langu la vifungo, chini ya cherehani. Lile jina la Bi Ghafla aliniomba niliache, na sikubishana naye. Kesho dirisha likifunguliwa saa mbili asubuhi, anampeleka mama wa tano.