Fundi Cherehani Aliyejua Mwendo wa Farasi

Nilikwenda kwake kwa ajili ya jezi. Ulikuwa mwaka wangu wa pili Songea, mwalimu wa hesabu niliyehamishwa kutoka Singida, na mkuu wa shule alikuwa amenikabidhi riadha kwa sababu wenzangu wote walikuwa wamekwisha kuikwepa. Kamati ya michezo ya mkoa nayo ikanipa kazi ya kupendekeza wasichana wa mita elfu moja na mia tano. Nafasi zilikuwa mbili. Timu yetu ingeshindana na mikoa jirani hapahapa mjini baada ya wiki tano, na kwa kuwa shule zilikuwa kwenye mitihani ya majaribio, hakukuwa na namna ya kuwakusanya wasichana wote wakimbie pamoja kwanza. Kila shule iliwapima watoto wake kwenye uwanja wake, ikanitumia muda kwa simu.

Niliandika orodha yangu kwenye karatasi nikaenda nayo mtaa wa Lizaboni, kwenye kibaraza cha fundi cherehani mmoja niliyeelekezwa na mwalimu mwenzangu. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mjane, mzaliwa wa hapahapa Songea, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo, sogeza hizo sare."

Nilimpa karatasi ili aone namba za kushona mgongoni. Yeye akasoma upande wa pili, ule wa muda. Akaisoma taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Huyu wa kwanza, dakika tano na sekunde mbili. Alikimbilia wapi?"

"Shuleni kwao, mama. Huko milimani."

"Na huyu wa mwisho, tano na ishirini na moja?"

"Kwao pia. Namasakata, kule Tunduru."

"Na huyu wa tano na kumi na nne?"

"Huyo ni wangu. Shuleni kwetu hapa."

Akanirudishia karatasi. "Mwalimu, hawa hujawashindanisha. Umeshindanisha viwanja."

Nilicheka kidogo, kwa adabu. Nilidhani ni mzaha wa mama mchangamfu. Hakucheka. Alisimamisha mashine, akaingia ndani, akarudi na daftari nene lenye jalada gumu, kingo zake zimelika. Ndani mlikuwa na safu za majina ya ajabu ajabu, na mbele ya kila jina namba tatu au nne.

"Hawa ni farasi," alisema.

Nikapata habari zake siku hiyo na siku zilizofuata, nikija kuulizia jezi ambazo nilijua hazijawa tayari. Alipokuwa msichana aliolewa Kenya, na huko akapata kazi ya kushona mavazi ya rangirangi ya wapanda farasi kwenye uwanja wa mbio. Chumba chake cha kushonea kilipakana na ofisi ya mzee aliyekuwa akipanga uzito. Farasi mwenye nguvu hubebeshwa vipande vya madini ya risasi kwenye tandiko ili wanyonge nao wapate nafasi, na wa kuamua nani abebe kilo ngapi ndiye huyo mzee. Lazima ajue mwendo halisi wa kila farasi. Siku moja alimwomba mama amsaidie kujumlisha. Mama akakaa kwenye ile ofisi miaka kumi na minane, mpaka mumewe alipofariki akarudi nyumbani na cherehani yake.

"Saa haidanganyi," alinieleza, "lakini haisemi yote. Mvua ikinyesha, farasi wote wanachelewa. Sasa wewe ukiona fulani amechelewa sekunde mbili, utasema amechoka? Angalia wenzake. Kama wote waliokimbia siku ile wamechelewa sekunde mbili kuliko kawaida yao, hizo sekunde ni za matope. Ziondoe. Kinachobaki ndicho cha farasi."

"Na hicho kinachobaki unakiamini?"

"Nakiamini nusu." Aliuma uzi akaukata. "Wakikimbia farasi wengi, naamini zaidi. Wakikimbia watatu, naandika kwa penseli."

Mimi ni mtu wa hesabu. Nimefundisha wastani na mchepuko kwa miaka, ubaoni, kwa mifano ya maembe na magunia. Sikuwahi kukaa mbele ya mtu anayeishi na hesabu hizo namna ile, bila kuzitaja kwa majina yake ya vitabuni. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu kidogo na furaha kubwa.

Vijana wa mtaani nao walishapata fununu kwamba anajua farasi. Pale jirani kuna kibanda cha kubeti chenye televisheni inayoonyesha mbio za farasi wa kompyuta. Siku moja wawili wakaja kumwita, "Mama, njoo utuambie yupi anashinda." Alikwenda kweli, na tepu yake shingoni, akasimama mlangoni akatazama mbio mbili. Kisha akawaambia, "Hawa hawakanyagi chini, wanangu. Mimi sina la kuwasaidia, na ninyi hamna la kujua." Akarudi kushona sketi.

Alinipa kazi. Kwanza, nipige simu kila shule niulize uwanja ulipimwaje. Mwalimu wa ile shule ya milimani alikuwa muungwana. Alisema mzunguko wao walihesabu kwa hatua, akaomba siku mbili. Mama alikuwa amenifundisha njia ya kumweleza: chukua baiskeli, pima mzunguko wa gurudumu, funga kitambaa chekundu kwenye spoki moja, isukume uwanja mzima huku ukihesabu mara ambazo kitambaa kinapita chini. Siku ya pili simu ikalia.

"Mwalimu, tumekosa. Tulidhani mia tatu. Ni mia mbili tisini na moja."

Raundi tano, mita arobaini na tano zilizopungua. Mama alipiga hesabu kwa chaki juu ya kitambaa cha suruali. Sekunde tisa na kitu; akaziita kumi, kwa kuwa mita za mwisho huwa nzito. Yule msichana wa tano na mbili akawa wa tano na kumi na mbili.

Namasakata mama alitaka kufika mwenyewe. Tulipanda basi la asubuhi la Tunduru, yeye na chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha, mimi na stopwochi. Uwanja wa shule ulikuwa na mchanga upande mmoja, na njia ya kukimbilia ilizunguka mkorosho ambao hakuna aliyekuwa tayari kuukata, maana unazaa sana. Mama alivua viatu akatembea raundi nzima peku. Watoto wa madarasa ya chini walijazana madirishani kumtazama.

"Hapa unazama," aliniambia aliporudi. "Kila hatua anailipia mara mbili."

Hakuridhika na miguu yake. Alimwuliza mwalimu mwenyeji kama kuna watoto wa shule ile waliowahi kukimbia pale na pia wakakimbia Songea mjini. Walipatikana wanne, wa mwaka uliopita, na muda wao ulikuwepo kwenye kitabu cha michezo. Wote wanne walikuwa wepesi zaidi Songea, kwa sekunde kumi na mbili hivi. Ndani ya hizo kumi na mbili ulikuwemo mchanga, ulikuwemo mkorosho, lilikuwemo na jua la Tunduru. Akaandika kwa penseli. Wanne, alisema, ni wachache.

Msichana mwenyewe aliitwa kutoka darasani. Mrefu, mkimya, mikono nyuma. Mama alimwamkia kwa maneno ya Kiyao aliyojifunza nyumbani kwa jirani, akayakosea, na msichana akacheka. Mama hakumwomba akimbie. Alimwuliza tu siku ile aliyopimwa alikula nini, kama alilala vizuri, nani alikuwa mbele yake. Msichana akajibu kwamba hapakuwa na mtu mbele yake. Alikimbia peke yake tangu raundi ya pili.

Tulirudi na orodha mpya. Viwanja vyote vikigeuzwa kuwa uwanja wa Songea, wa Namasakata alikuwa wa kwanza, tano na tisa. Wa milimani wa pili, tano na kumi na mbili. Wangu akabaki na tano na kumi na nne yake, kwa kuwa uwanja wa shule yetu ndio wa mashindano, nao ndio uliokuwa kipimo. Wa tatu, kwa sekunde mbili.

Nilikaa na karatasi ile siku tatu. Binti yule nilikuwa nimemfundisha mimi mwenyewe namna ya kupumua kwenye kona. Kila asubuhi alifika uwanjani kabla yangu, hijabu yake nyeupe ameikunja vizuri na kuiweka juu ya jiwe, kichwani amevaa ile ndogo ya michezo. Nilimwendea mama nikamwuliza, "Sekunde mbili si ndogo? Namba inaweza kukosea kwa sekunde mbili?"

"Inaweza."

"Basi nimpeleke wangu?"

"Ukimpeleka kwa sababu namba inaweza kukosea, utakuwa umeamua kwamba imekosea upande wako tu." Hakulisema kwa ukali. "Lakini mwenye kazi ni wewe, mwalimu."

Kamati ilipokutana, mjumbe mmoja aliuliza kwa kejeli kama timu ya mkoa sasa inachaguliwa na fundi cherehani. Niliwaeleza habari za gurudumu na kitambaa chekundu, na wale watoto wanne. Mwenyekiti akasema hajawahi kuona orodha iliyotafutwa kwa jasho namna ile. Majina mawili ya kwanza yakapita. Nilimwambia mwanafunzi wangu siku iliyofuata. Alisema, "Sawa, mwalimu," akaenda kuchukua hijabu yake juu ya jiwe.

Siku ya mashindano asubuhi kulikuwa na mbio za wazi za shule za mjini, umbali huohuo, uwanja huohuo. Binti yule wa shule yetu alikimbia humo. Alipita mstari kwa dakika tano na sekunde kumi, pumzi zake zikiwa bado zimetulia. Nilimtazama mama aliyekuwa kwenye benchi na daftari mapajani. Aliandika bila kuinua uso.

Mchana wakakimbia wa mikoa. Yule wa Namasakata alikaa nyuma raundi mbili, kama mtu anayesikiliza, halafu akaanza kuwapita. Ardhi ya Songea ilikuwa ngumu chini yake na alionekana kuishangaa. Alishinda kwa tano na sita, na uwanja mzima ukasimama. Mjumbe yule wa kejeli alinikumbatia. Lakini wa milimani aliishiwa nguvu raundi ya nne. Alimaliza wa sita, kwa tano na kumi na tisa, akaanguka kwenye nyasi akalia.

Watu walikuja kumpongeza mama kwa ajili ya mshindi. Wangeweza kuishia hapo na yeye angeweza kuishia hapo. Aliwashukuru, akafunga daftari, akaniambia, "Nipeleke kwa binti yako."

Tulimkuta chini ya jukwaa na wenzake, wanakula miwa. Mama alimwomba wasogee pembeni, akakaa naye kwenye ngazi.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekuandika wa tatu. Nilikosea. Ulikuwa wa pili. Leo ulistahili kukimbia mchana."

Binti alinitazama mimi.

"Nataka kujua nilikosea wapi," mama akaendelea. "Siku mwalimu alipokupima ile tano na kumi na nne, ulikuwa na nini?"

"Sikuwa na kitu, bibi."

"Ulikuwa umekula?"

Binti akainamisha kichwa. "Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa nimefunga."

"Hukumwambia mwalimu?"

"Hakuniuliza. Na funga ya sunna si jambo la kutangaza."

Nilikuwa nimempima mtoto aliyefunga, saa tisa alasiri, na nilikuwa nimekwenda mpaka Tunduru kuchunguza mchanga. Mama alifungua daftari. Safari hii alitoa kalamu ya wino. Mbele ya namba ya binti aliandika kwamba namba hii si sahihi, kosa ni la aliyeandika, mkimbiaji alikuwa amefunga na hakuulizwa. Akamsomea. Kisha akamwuliza kama ni sawa liandikwe hivyo, au afute neno la kufunga. Binti alifikiri kidogo, akasema aliache.

Nimekutana na wasomi wengi kazini, wengine wana vyeo. Sijaona mwingine aliyekuwa na ushindi mkononi, watu wakimsifu, akainuka kwenda kumtafuta mtu aliyemkosea ili amwambie. Tulipokuwa tukirudi Lizaboni kwa miguu nilijaribu kumwambia hivyo. Alinikatiza.

"Kule kazini, farasi akibebeshwa uzito usio wake kwa sababu ya namba yangu, alikuwa anaumia mgongo. Yule mzee alinifundisha niende zizini nikamwone. Si kwa ajili ya farasi, yeye hajui kusoma. Kwa ajili yangu."

Nilisafiri na binti yule mwaka uliofuata, safari hiyo akiwa kwenye timu pamoja na wa Namasakata. Kabla ya kuandika muda wowote, siku hizi nawauliza wamekula nini, wamelalaje, nani mgonjwa nyumbani. Wanafunzi wamenipa jina la utani, Daktari. Wakati mwingine majibu hayanisaidii chochote. Mtoto mzima wa afya anakimbia ovyo bila sababu, na aliyekesha kuuguza anapaa. Nimempelekea mama visa kama hivyo mara nyingi. Huvisikiliza vyote, huku akipindisha ukosi wa shati, na vingi huniambia hajui.