Mtu Aliyeonekana Kwenye Pazia la Studio

Mteja aliinuka kwenye kiti kabla sijabonyeza kamera.

"Dogo," akasema, "kuna mtu anakufa hapa."

Nikacheka. Humo ndani tulikuwa mimi, yeye na shangazi yangu aliyekuwa amejikunja mezani anakata picha za pasipoti. Wote wazima wa afya.

"Unacheka nini? Njoo uone."

Akanivuta mkono mpaka kwenye pazia letu jipya, lile la mlima ambalo watu hukaa mbele yake wakipigwa picha. Akaweka kidole chini kabisa, pembeni, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kupaangalia.

Kulikuwa na mtu.

Mdogo, urefu wa kidole gumba. Kifua wazi. Mikono yote miwili juu, na mkono mmoja umeshika kitu kama nguo.

"Huyo anasalimia," nikasema.

"Mimi kazi yangu ni kuokoa watu kwenye bwawa la kuogelea," yule mteja akasema. "Anayesalimia hupunga mkono mmoja. Akiinua yote miwili, mimi huwa naruka na viatu."

Akakataa kupigwa picha. Akavua koti la studio, akalirudisha kwenye msumari, akaondoka zake.

Mimi nikabaki nimesimama kama nimemwagiwa maji. Kwa sababu ile picha niliipiga mimi. Na nilipomaliza kuipiga, niliondoka.

Ngoja nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Nilimaliza shule nikawa sina mbele wala nyuma. Na mimi kukaa siwezi. Nikikaa kwenye kiti goti linacheza lenyewe. Nikilala naota natembea. Nyumbani waliniita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, mpaka jina langu wakalisahau. Mama akachoka kuona nahesabu vigae vya sakafu kwa miguu, akanipeleka kwa dada wa marehemu baba mwenye studio ya picha.

Studio yenyewe ni chumba kimoja kirefu. Mbele kuna kioo na kitana kilichofungwa kwa kamba kisiibwe. Nyuma kuna pazia. Pazia la zamani lilikuwa na chemchemi ya maji iliyochorwa kwa rangi, na limechanika pale watu wanapoegemea vichwa.

"Watu wanataka mlima," shangazi akasema. "Nenda kapige mlima. Wa kweli, na kilele chake. Tutauchapisha uwe mkubwa, mtu akikaa hapo aonekane kasafiri."

Mimi? Kusafiri? Nilishafunga kamba za viatu kabla hajamaliza kusema.

Akanipa kamera, stendi yake ya miguu mitatu na mwavuli wake wa maua makubwa mekundu, ule wenye ubavu mmoja uliofungwa kwa uzi wa kushonea.

"Kamera ikipotea usirudi," akasema. "Mwavuli ukipotea, usirudi pia. Huo alininunulia marehemu mume wangu."

Jamani, mlima ni kiburi.

Nilifika asubuhi, nikashuka kwenye basi, na mlima haupo. Mawingu matupu. Mama mmoja mwenye kibanda cha chai pale njia inapoanzia akaniambia, "Panda tu mwanangu. Kilele hufunguka mara moja, kinajifunga. Ukikaa ukasubiri, mara ya pili hufunguka vizuri zaidi."

Kukaa nikasubiri. Ananiambia mimi!

Nikapanda. Kuna sehemu yenye uzio ambapo wasafiri wote husimama kupiga picha. Nikasimama hapo mpaka goti likaanza kucheza. Nikaona mbele, nje ya uzio, mwamba umetokeza juu ya bonde kama ulimi wa mtu anayemzomea mwenzake. Nikaruka uzio.

Pale juu, aisee, ungeona bonde lote. Manyunyu yakaanza. Nikatafuta pa kusimamisha mwavuli uikinge kamera, nikaona kwenye mwamba kuna ufa mrefu. Nikachomeka mpini humo. Ukakaa imara kabisa. Nikajiona nina akili.

Nikazunguka stendi. Nikatembea mpaka ncha ya mwamba, nikarudi. Nikarusha kijiwe. Nikaenda, nikarudi.

Halafu mawingu yakachanika ghafla. Kilele hicho hapo, cheupe, kinatoa moshi wa barafu. Nikabonyeza.

Wakati huohuo nikasikia sauti ng'ambo ya bonde, imekatwakatwa na upepo. Wou! Wou! Nikasema moyoni, mbwa.

Wingu likafunga. Picha ninayo. Kungoja mara ya pili kwa sababu gani? Nikabeba stendi begani, nikakata njia ya mkato ya vichakani mpaka barabarani, nikapata basi. Njiani ikashuka mvua mpaka dereva akasimamisha basi, haoni mbele.

Ndipo nikakumbuka mwavuli.

Shangazi alinipokea na kamera akanyamaza. Alipoangalia mikono yangu haina mwavuli, hakunyamaza tena. Pazia likachapishwa, likapendeza, wateja wakajaa, lakini kila mvua ikinyesha alikuwa anatazama nje na kusema, "Kuna watu wanapoteza vitu vya watu."

Sasa rudini pale mteja alipoondoka.

Nikaifungua picha kwenye kompyuta, nikaivuta mpaka ikawa vigae vigae. Ni mwanamume. Yuko kwenye ukingo wa ng'ambo, nyuma yake wingu zito. Kavua shati, kalishika juu ya kichwa. Mdomo wazi.

"Huyo kafurahi tu," shangazi akasema, lakini hakuendelea kukata picha.

"Shangazi, hakuna mtu anayevua shati kwenye baridi ile kwa furaha."

"Basi mwambie fundi ampake rangi asionekane."

"Halafu mimi nani atanipaka rangi?"

Akanitazama. Akaweka mkasi chini.

Zile siku sikuweza hata kutembea vizuri. Nilikuwa nikifika mlangoni narudi. Kila mteja akikaa mbele ya pazia, mimi namwona yule wa pembeni. Familia inatabasamu, nyuma yao mtu anaomba msaada. Na aliniomba mimi. Mimi nikasema mbwa.

Nikapiga simu pale kibandani. Namba ilikuwa imeandikwa ubaoni, na mimi hupiga picha kila ubao ninaoupita.

"Mama, samahani. Kuna mtu alipata shida huko mlimani hivi karibuni?"

"Shida?" sauti ikasema. "Kuna mwanamume alikufa huku. Mwamba ulimchukua. Hata mwili haujapatikana mpaka leo."

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Siku gani?"

"Siku ya ile mvua kubwa. Wewe ni ndugu yake?"

Nikakata simu. Siku ya mvua kubwa. Siku yangu.

Shangazi alikuwa kasikia kila kitu. Nilidhani atanizuia. Alichukua sweta lake kwenye kiti, akanirushia.

"Nenda. Uwatafute watu wake, uwaonyeshe hiyo picha. Ndiyo ya mwisho, huenda wanaitaka."

Nikafika mlangoni.

"Kiguu!"

"Naam, shangazi."

"Na mwavuli wangu."

Safari ile sikukumbuka hata kuangalia dirishani. Kibanda nilikikuta kimefungwa. Nikapanda peke yangu, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani njia iwe ndefu.

Nikafika kwenye uzio.

Mwamba haukuwepo.

Nasema haukuwepo. Ule ulimi wote umekatika. Palipokuwa na ufa wangu sasa pana ukuta wa mawe mabichi, mekundu, kama nyama, na chini kabisa kwenye bonde kuna lundo.

Nikakaa. Mimi, nikakaa chini, nikatulia tuli. Mama angeniona angeita watu.

Nilipopata akili nikaanza kujiuliza. Mwamba ulimchukua, amesema. Lakini huyu mtu alikuwa ng'ambo, na ng'ambo hakujaanguka hata kokoto. Sasa mwamba ulimchukuaje?

Nikainua macho. Siku hiyo hakukuwa na wingu. Ng'ambo, pale lilipokuwa lile wingu zito nyuma ya mtu wangu, kulikuwa na mnara wa simu. Chini ya mnara kibanda cha bati. Kibanda kinatoa moshi.

Nikalizunguka bonde, karibu nikimbie. Njia yenyewe ni ya mbuzi, inapanda na kushuka mpaka mapafu yanauma.

Nje ya kile kibanda kulikuwa na mzee wa makamo kanipa mgongo, ananyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo kilichotundikwa kwenye waya. Redio inaimba. Nikasema, "Hodi, mzee."

Akaniona kwenye kioo.

Sijawahi kuona mtu akiruka vile. Kioo chini, beseni chini, povu nusu ya uso, akarudi nyuma mpaka akagonga bati.

"Rudi!" akapiga kelele. "Rudi ulikotoka! Mimi sikukukosea kitu! Nilikuita wewe mwenyewe hukusikia!"

"Mzee, mimi..."

"Nilikuita! Mungu ananiona, nilikuita!"

Nikamtazama. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu.

Nikamtambua.

"Ni wewe," nikasema. "Wewe ndiye uliyekufa."

"Mimi?" Akashusha mkono mmoja. "Mimi nimekufa? Si wewe?"

Tukatazamana. Redio inaimba tu. Kisha akasogea polepole, na wembe bado mkononi, akanigusa bega kwa kidole kama mtu anayepima pasi. Akanibonyeza. Akanishika shavu.

"Una joto," akasema. "Una joto, mwanangu!"

Akakaa kwenye ngazi ya mnara akalia kwa sauti, povu linadondokea kifuani. Nami nikalia, sijui nalia nini.

Alikuwa mlinzi wa ule mnara. Hana cha kufanya kutwa nzima ila kutazama ng'ambo kwa darubini yake, na ule ufa alikuwa akiuona unarefuka tangu mvua zianze.

"Siku hiyo natoka nje namwona mtu kasimama huko nje ya ufa. Kasimama! Anatembea, anarudi, anarusha mawe! Na ndani ya ufa kachomeka mwavuli kama anayefungua kopo. Nikasema huyu mtoto kachoka kuishi. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Nikavua shati nikapunga. Nikaona unanigeuzia kamera. Nikasema afadhali, kaniona."

"Nilisikia, mzee. Nikadhani ni mbwa."

"Mbwa?"

"Nisamehe."

"Mimi nakuokoa roho, wewe unasema mbwa!" Akanipiga kofi la begani, akacheka na machozi yake. "Ungekuja basi, uone huyo mbwa ana nini!"

Alipoona wingu limefunga alikimbia kuzunguka bonde anifuate. Katikati ya njia mvua ikapasuka, akasikia mlio. Alipofika, mwamba hakuna, mimi hakuna. Chini kwenye mawe, kitu chekundu.

Mama wa chai aliapa kwamba alimwona kijana akipanda na hakumwona akishuka. Ni kweli. Nilipita mkato. Watu wakaja na kamba, wakachimba, wakachoka, wakaondoka. Yeye akabaki na lile lundo mbele ya mlango wake kila akiamka.

"Nimeomba kuhamishwa," akasema. "Nilishindwa kunywa chai hapa nje. Nikawa najiuliza, ningepiga kelele zaidi? Ningerusha jiwe?"

Akainuka, akaingia ndani. Juu ya kitanda chake, kwenye msumari, ulining'inia mwavuli wa maua mekundu. Umevunjika mbavu karibu zote. Ule mmoja uliofungwa kwa uzi ulikuwa mzima.

"Nilikuwa nausalimia asubuhi," akasema kwa aibu. "Sikujua jina lako."

Nikamwambia jina langu. La kweli.

Shangazi aliupokea mwavuli. Aliufungua nusu, ukakataa, akaufunga. Siku ya mapumziko yake mlinzi alikuja studio, kanyoa vizuri, kavaa shati jipya. Alisimama mbele ya pazia akainama kujitazama.

"Hivi mimi nina tumbo kiasi hiki?"

"Kaa kwenye kiti, shemeji, tupige," shangazi akasema. Sijui hilo la shemeji lilitoka wapi, na sikuuliza.

Fundi hakuwahi kuitwa. Yule mtu bado yuko pembeni mwa pazia, na siku hizi wateja hugombania upande ule. Mwokoaji wa bwawa alirudi kupiga picha yake. Alivaa lile koti, akakaa, akaniambia, "Kwa hiyo nilikuwa sahihi, kuna mtu alikuwa anakufa."

"Ulikuwa sahihi," nikasema. "Ulikosea tu pa kuweka kidole. Alikuwa nyuma ya kamera."

Goti langu bado linacheza, na milimani bado naenda. Lakini nikishapiga picha sasa sikimbilii basi. Naangalia pembe zote nne kwanza.

Na wewe unayesoma hapa, ukiona mtu kwa mbali anakupungia mikono, usiharakishe kusema huyu ana shida zake.

Tazama kwanza umesimama wapi.